Tafsiri ya Kurudi

Dada yake alikuwa fundi cherehani, na kwa miezi minane Fasaha alikuwa akitafutia kazi kwenye meza yake ya kukatia nguo. Alikuwa na kona yake upande wa dirishani, kati ya rundo la vitambaa na mkasi mkubwa aliokatazwa kuugusa tangu siku alipoutumia kukatia karatasi. Hapo alifungua kompyuta yake saa mbili kila asubuhi, akakunja uso kama hakimu, akaanza kuwadharau watu.

Fasaha halikuwa jina lake. Alipewa na wateja wa dada yake kwa kumcheka, kwa sababu mtu akija kuulizia suruali yake alisahihishwa Kiswahili kabla hajapewa kiti. Yeye alilipokea kama cheo, na baada ya muda hata dada yake akamwita hivyo.

Wa kudharauliwa hawakukosekana. Kulikuwa na wenye matangazo: anatakiwa mtafsiri mwenye uzoefu wa miaka kumi, asizidi umri wa miaka ishirini na mitano, awe mchangamfu na awe na leseni ya pikipiki. Kulikuwa na wenye mitihani, ambao walimpelekea kurasa kumi na mbili za mwongozo wa mashine ya kufulia, azitafsiri bure "ili tuone uwezo wako," kisha wakapotea kabisa. Fasaha alikuwa na hakika kwamba ukurasa wa kumi na tatu alipewa mjinga mwingine, na wa ishirini na tano mwingine tena, hadi mwongozo mzima ukaisha na kampuni ikafunga mlango wa kuajiri. Kulikuwa na wale wanaodhani kutafsiri ni kuchapa tu. "Si unajua Kiingereza? Basi tatizo liko wapi?" Hao alikuwa akiwajibu kwa barua pepe ndefu zenye adabu ya kuchoma, na hawakumwandikia tena.

Lakini dharau yake nzito aliwawekea watafsiri wenzake. Alikusanya makosa yao kwenye faili moja aliloliita Makaburini, na akipita mgeni yeyote mwenye dakika tano alimsomea.

"Mdogo wangu," dada yake alimwambia siku moja, sindano ikiwa mdomoni, "katika watu wote uliowazika humo, hakuna hata mmoja anayetafutia kazi kwenye meza yangu."

"Wamepata kazi kwa sababu wanakubali upuuzi, dada."

"Na wewe kubali kidogo. Meza yangu fupi."

Alisema kwa utani, ila vidole vyake havikuwa na utani. Vilikuwa vimevimba kwenye viungo, na kila asubuhi ilibidi aviloweke kwenye maji ya moto kabla hajashika kitambaa. Shati lililokuwa likimchukua saa tatu sasa lilimchukua siku. Fasaha aliliona hilo. Aliliona na akasikitika kikweli, kwa namna ya mtu anayesikitika huku akisubiri chai.

Basi ofisi moja ya tafsiri ikampigia simu. Ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani, ngazi zake nyembamba na mlango wake unaosukumwa kwa bega. Msimamizi wake alikuwa mama mtu mzima aliyetafuna vifuniko vya kalamu hadi vikaisha, na alizungumza na Fasaha bila kumkaribisha kiti. Mhakiki Mkuu ameondoka, alisema. Anatafuta mwingine. Anawapima watu watatu kwa kazi ya kweli, kila mmoja na yake, na mmoja atapewa kile chumba pale, chenye meza, feni, na kibao cha jina mlangoni.

Fasaha alikitazama kile chumba. Kusema kweli alikitamani. Hakuwa ametamani kitu namna hiyo tangu utotoni.

"Unajua tafsiri ya kurudi?" Msimamizi aliuliza.

Alijua, na akaanza kueleza, lakini mama yule hakuwa na muda wa kuelezwa kazi yake mwenyewe. Kikaratasi cha dawa kimeandikwa kwa Kiingereza, alisema. Mtu wa kwanza amekiweka katika Kiswahili. Sasa wewe, ambaye hujakiona cha Kiingereza na hutakiona, unachukua hicho cha Kiswahili na kukirudisha kwenye Kiingereza. Halafu mimi naweka Kiingereza chako kando ya kile cha asili. Pakitofautiana, najua Kiswahili kina kasoro, nakwenda kuitafuta. Pakifanana, kinachapwa.

"Kwa hiyo nisikilize vizuri," akasema. "Hii siyo kazi ya kuonyesha ujuzi. Kiswahili kikiwa kibovu, nataka ubovu huohuo kwenye Kiingereza. Kikiwa kimeruka kitu, na wewe ruka. Ukiwa na la kusema, kuna safu ya maoni pembeni, andika hapo. Usinirekebishie kitu. Wewe ni kioo."

Fasaha aliinama kwa heshima, akashuka ngazi akitukana kimoyomoyo. Kioo! Mtu aliyesoma miaka yote ile, mwenye faili zima la Makaburini, aitwe kioo na mama mwenye wino kwenye meno.

Kikaratasi kilikuwa cha dawa mpya ya viungo, kurasa mbili. Mtafsiri wa kwanza hakutajwa jina, aliandikwa tu Namba Kumi na Saba, na kabla ya kumaliza mstari wa tatu Fasaha alikwishamhukumu. Sentensi zake zilikuwa nzito, nukta zake zimetupwa ovyo. Ukurasa wa pili, chini ya maneno ya tahadhari, akakutana na hili:

"Macho au ngozi ikiwa ya manjano, au mkojo ukiwa mweusi, hali hiyo ni ya kawaida katika wiki za mwanzo. Endelea na dozi yako bila kukatiza."

Alicheka kwa sauti hadi dada yake akasimamisha cherehani. Vikaratasi vya namna hiyo alikuwa ametafsiri mpaka akavijua kama sala. Pale palikuwa na tahadhari mbili, si moja. Ya kwanza inasema macho yakiwa ya manjano acha dawa leo hii na ukimbilie hospitali. Ya pili inasema kichefuchefu kidogo ni cha kawaida wiki za mwanzo, endelea. Jicho la Namba Kumi na Saba lilikuwa limeruka kutoka katikati ya ile ya kwanza hadi katikati ya ile ya pili, mkono ukafuata, na kichwa hakikuwepo.

Sasa afanye nini? Maagizo yalikuwa wazi: andika upuuzi kama ulivyo. Aliuandika. Akausoma. Ukawa Kiingereza cha mwendawazimu, kwenye karatasi yenye jina lake, kwenye mtihani wa kupewa kile chumba chenye feni. Aliona aibu. Aibu yenyewe haikumhusu mgonjwa, maana mgonjwa hakumpitia akilini hata kidogo. Aliona aibu kwa ajili ya Kiingereza chake. Akafuta. Akaandika tahadhari mbili safi, kila moja na mstari wake, kama ambavyo mtu mwenye akili angeziandika tangu mwanzo.

Safu ya maoni aliiacha tupu. Aandike maoni ya nini? Ya kumfundisha Namba Kumi na Saba? Watakaolinganisha watajionea wenyewe jinsi yule mtu alivyo mbumbumbu. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Kama angetulia dakika moja tu angekumbuka kwamba wanaolinganisha hawakisomi Kiswahili. Wanatazama Kiingereza kwa Kiingereza. Alikuwa amekwishaelezwa hilo, tena kwa maneno mepesi. Lakini dakika moja ya kutulia ilimshinda, kwa sababu alikuwa akijipongeza.

Baada ya siku nne Msimamizi akampigia.

"Miaka kumi na mitano niko kwenye kazi hii," alisema, "sijaona karatasi ya kurudi iliyofanana na ya asili namna hii. Wale wawili wamenijazia maswali. Wewe hakuna hata nukta ya kuuliza. Njoo Jumatatu."

Basi Fasaha akapata chumba, meza, feni, na kibao cha jina. Dada yake alifurahi hadi akalia. Alimshonea koti, kwa vidole vile vile, siku kumi na moja, na kila mteja aliyeingia alionyeshwa koti likiwa limetundikwa na kuambiwa ni la nani na anakwenda nalo wapi. Fasaha alilivaa na kusema bega la kushoto limekaa juu kidogo.

Kazini aliwapitia watafsiri kwa kalamu nyekundu kama mtu anayepalilia shamba la adui. Watu wazima walitoka chumbani kwake wakiwa wamenywea. Jioni alirudi kwa dada yake, kwani bado alikaa pale. Nyumba inayomfaa alikuwa akiitafuta kwa utulivu. Miezi mitano ikapita hivyo.

Ndipo dada yake akarudi kutoka zahanati na boksi dogo jeupe.

"Dawa mpya ya viungo," alisema. "Daktari anasema inasaidia. Hebu nisomee hiki kikaratasi, hii si ndiyo kazi yako?"

"Dada, nasoma takataka za watu kutwa nzima. Nikifika nyumbani niache nipumzike. Si Kiswahili hicho? Soma."

Alisoma mwenyewe, polepole, akifuata mistari kwa kidole. Alipofika mwisho akainua kichwa. "Hee! Chini huku si jina la ofisi yenu?"

"Kama ni la kwetu basi kiko sawa," Fasaha alisema, bila kugeuka. "Hakuna kinachotoka pale bila mimi kukipitisha."

Dada yake alikikunja kile kikaratasi vizuri na kukiweka kwenye droo ya cherehani, pamoja na vitu vyake vya maana.

Dawa ikafanya kazi. Uvimbe ukashuka, maji ya moto yakaachwa, na kwa wiki mbili cherehani ikaimba. Wiki ya tatu alianza kuchoka. Chakula kikamkinaisha. Akasema ni joto, akaendelea kushona, na kila asubuhi akanywa kidonge chake kwa wakati.

Mteja mmoja, mwalimu aliyekuja kuchukua sketi, ndiye aliyesema. "Fundi, macho yako vipi? Mbona ya manjano hivyo?"

"Tangu Alhamisi," dada alijibu, akivuta uzi. "Ni kawaida wiki za mwanzo. Imeandikwa. Mdogo wangu huyu ndiye aliyeipitisha."

Fasaha alikuwa mezani na kikombe cha chai. Aliinuka bila kukiweka chini, chai ikamwagikia kitambaa cha mtu. Akavuta droo. Hakuhitaji kusoma, alipouona mkunjo wa ukurasa wa pili alikwishaisikia sentensi ile ikijisema yenyewe, neno kwa neno, pamoja na kicheko chake cha siku ile. Akamshika dada yake mkono, ule ule wenye sindano, akamtoa nje kutafuta teksi. Dada alikuwa akiuliza, "Kuna nini? Kwani kuna nini?" na yeye alizidi kumvuta.

Hospitali daktari alimpima, akampima tena, akamlaza. Ini, alisema. Akamuuliza mgonjwa kwa upole kwa nini hakuacha dawa siku ile ya kwanza macho yalipobadilika. Dada yake akamnyooshea kikaratasi. Daktari alikisoma, akakisoma tena, akatoka nacho nje mbio, na kupitia kioo cha mlango Fasaha alimwona akipiga simu.

Kesho yake asubuhi faili la kikaratasi kile lilikuwa wazi juu ya meza ya Msimamizi. Hakuwa na kalamu mdomoni.

"Namba Kumi na Saba ameruka mstari," alisema. "Tunamfuta kwenye orodha. Wewe utaandika taarifa kwa zahanati zote, warudishe vikaratasi vyote, ueleze kosa ni la mtafsiri. Uandike vizuri, unavyojua wewe. Wagonjwa wengine bado hatujawasikia."

"Na karatasi yangu ya kurudi?"

"Karatasi yako haina kosa." Msimamizi alimtazama, na Fasaha akatambua kwamba mama yule ameelewa kila kitu, na kwamba anamdharau kwa dharau ambayo yeye hakuwahi kuifikia kwa mtu yeyote. "Ndiyo tabu yake. Lakini hakuna atakayeiulizia nisipoitaja. Andika hivyo, na kiti chako hakiguswi."

Ndani ya faili palikuwa na barua fupi ya Namba Kumi na Saba. Alikuwa mkunga mstaafu, anafanyia kazi nyumbani. Barua ilisema: "Nimemaliza nikiwa na homa. Tafadhali atakayehakiki aangalie sana ukurasa wa pili." Fasaha hakuonyeshwa wakati ule, kwani kioo hakionyeshwi barua. Wala haikuwa lazima. Ukurasa wa pili alikuwa ameuangalia sana.

Mchana aliketi kando ya kitanda cha dada yake, akaiandika taarifa ile gotini. Iliandikika vizuri, ndiyo aibu yenyewe. Maneno yalimjia yakiwa yamepangika. Dada yake alikuwa amefumba macho, ngozi yake rangi ya karatasi ya zamani, mikono yake juu ya shuka.

"Unaandika nini?"

"Taarifa. Ya kuzirudisha zile karatasi."

"Nisomee."

Alimsomea. "Kutokana na uzembe wa kusikitisha wa mtafsiri wetu wa nje," ilianza, na ikaendelea kwa ukurasa mzima bila kujikwaa.

"Kiswahili kizuri," dada alisema. "Wewe uko wapi humo?"

Angeweza kudanganya. Alikuwa na kichwa cha kudanganyia na kiti cha kulinda. Lakini yale macho ya manjano yalikuwa yamefunguka na kumtazama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Fasaha alieleza jambo kwa maneno mabaya, yaliyokatikakatika, yakirudi nyuma kujirekebisha. Alieleza mtihani. Alieleza alivyocheka, na safu aliyoiacha tupu.

"Kwa hiyo uliona," dada alisema mwishoni.

"Niliona."

"Na badala ya kusema, ukaenda kutengeneza kwenye Kiingereza. Ambacho hakuna mgonjwa anayekisoma."

"Ndiyo, dada."

"Suruali ya mteja imepasuka matakoni, wewe unaitia kiraka picha yake." Alivuta pumzi. "Halafu unasema bega la koti limekaa juu."

Fasaha aliiweka ile taarifa chini.

"Kile kikaratasi, daktari si alikurudishia? Nisomee."

"Dada, tafadhali."

"Nilikuomba siku ile ukasema umechoka. Leo hujachoka. Nisomee ukurasa wa pili, na usinirekebishie kitu."

Akasoma. Macho au ngozi ikiwa ya manjano, au mkojo ukiwa mweusi, hali hiyo ni ya kawaida. Ulimi ulitaka kugeuka pale, ulitaka kusema acha dawa, kimbilia hospitali, na akaushika kwa nguvu. Endelea na dozi yako bila kukatiza. Aliposita, dada alimwambia asome tena. Akasoma tena. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa amegeuka anasikiliza.

"Kumbe unaweza kusoma kilichoandikwa," dada yake alisema, akageukia ukutani.

Ile taarifa nzuri aliichana. Nyingine aliiandika palepale, na haikufika nusu ukurasa. Mtafsiri aliruka mstari akiwa mgonjwa, na aliomba ukaguliwe. Mimi niliuona mstari uliorukwa. Niliuandika mahali ambapo hakuna mgonjwa anayesoma, sikumwambia mtu, na kwa ajili hiyo nikapewa kazi. Waambieni wote wanaotumia dawa hii waache leo. Akatia saini kwa jina lake lote.

Msimamizi aliisoma akiwa amesimama. "Haina hata neno moja zuri," alisema.

"Ndivyo ilivyokuwa."

Mama yule akaituma kwa zahanati zote mbele yake, kisha akaenda mlangoni mwa chumba chenye feni na kung'oa kibao kwa mkono. Hakumuaga. Kwa haki, hakustahili kuagwa.

Dada yake alitoka hospitali baada ya wiki sita, amekonda, na vidole vyake vimerudia kuvimba. Meza ilikuwa imemsubiri, na kona ya dirishani ilikuwa na mtu wake. Fasaha alikuwa anajibu matangazo upya: wale wa pikipiki, wale wa mashine ya kufulia. Bado anawadharau, msidhani amekuwa malaika. Ila Makaburini kuna kaburi jipya, la kwanza kabisa kwenye faili, na huwa halisomi kwa wageni.

Siku ambayo daktari alimpa dada dawa nyingine, alifika nayo na kuiweka mezani bila kuomba asomewe, akaingiza mikono kwenye beseni la maji ya moto. Fasaha alifunga kompyuta. Akafungua boksi, akakunjua kikaratasi, akaanza juu kabisa. Alisoma kurasa zote, dozi, tahadhari, namna ya kuhifadhi, akanyooshea kidole kila mstari, na alipomaliza akasoma herufi ndogo za chini, jina la mpiga chapa, sanduku lake la posta, na namba ya simu.

"Hiyo ya mpiga chapa ungeiruka tu," dada alisema.

"Siruki," alisema Fasaha, akageuza karatasi kuhakikisha nyuma hapakuwa na kitu.